Kitunda cha Kupewa

Nilimpata pamoja na duka. Mume wangu alinipa ufunguo asubuhi, akaniambia niende Nakivubo, Kampala mjini, mlango wa tatu kutoka kona ya soko, nifungue nianze kuuza. Nikafungua. Ndani nikamkuta mzee amekaa kwenye stuli ndefu nyuma ya kaunta, suti ya kijivu, kofia juu ya goti, na mbele yake ubao wa sataranji wenye kete zilizokwisha kupangwa. Alikuwa na ufunguo wake wa mlango wa nyuma, na katika haraka zote zile hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya. Duka lilikuwa la taa na vioo. Kuta zote tatu zilikuwa zimetundikwa vioo, vya duara, vya mraba, vya milango ya kabati, kwa hiyo sikuona mzee mmoja. Niliona wazee kumi na wawili wamekaa wananitazama, na mimi nimesimama mlangoni mara kumi na mbili na ufunguo mkononi. Nikatoa salamu bila kujua nimwelekee yupi, na wote wakaitikia kwa sauti moja ya upole.

Mwenye duka wa kwanza alikuwa Mhindi. Mwaka ule Wahindi waliambiwa waondoke nchini ndani ya siku tisini, na walipokwisha kuondoka, maofisa wa jeshi walipita barabara hadi barabara wakigawa maduka. Mume wangu alikuwa sajini upande wa magari. Siku hiyo alikuwa akimwendesha mmoja wa wagawaji. Gari likasimama pale, yule mkubwa akatazama nje ya dirisha akasema, haya, hilo chukua wewe. Ndivyo tulivyokuwa wenye duka. Mji ukatuita mafutamingi, jina walilopewa wote waliolala hawana kitu wakaamka na mali. Nisijifanye malaika, nilifurahi. Mimi nimezaliwa kambi ya jeshi, nimelelewa kambini, nimeolewa kambini, na sikuwahi kuwa na mlango unaofungwa kwa ufunguo wangu mwenyewe.

Kila mtu Nakivubo alimwita mzee yule Karani, nami nikafuata. Ukoo wake sikuuliza. Miaka ile ukimwuliza mtu ametoka wapi, alianza kujiuliza jibu lake utalipeleka wapi. Nilijua anakaa Kyebando, anakuja kwa miguu na kurudi kwa miguu, Jumapili anaenda kanisani, na kwamba alikuwa karani wa Mhindi yule kwa muda mrefu kuliko umri wangu. Mengine yote niliyoyajua juu yake niliyajua kwa kumtazama, hasa kwenye vioo, maana uso wake mwenyewe alikuwa mgumu kuuonyesha.

Alikuwa na namna yake ya kufuta kioo. Gazeti kuukuu, maji, tone la siki, na mkono unaanzia ukingoni, unazunguka polepole kuingia ndani. Ukianzia katikati, alisema, kioo kinabaki na wingu. Nilimcheka. Nikajaribu kuanzia katikati, kikabaki na wingu. Alikuwa akifuta vioo vyote kila siku, hata katika miezi ambayo hatukuuza hata kimoja, na alipomaliza cha mwisho alirudi kwenye stuli yake, akakunja mikono, akatazama duka lote kana kwamba anasubiri lianze kusema.

Na kweli kulikuwa na alasiri ambazo nilidhani litasema. Mvua ya Kampala inaposhuka, inashuka yote kwa pamoja. Watu wa Nakivubo wanakimbia chini ya vibaraza, umeme unakatika, na ndani ya duka mwanga unakuwa wa kijivu laini, unatoka kwenye vioo badala ya kutoka mlangoni. Chemni za kandili zilikuwa zimepangwa juu ya rafu, na lori la jeshi lilipopita barabarani zote zilitetemeka na kutoa mlio mwembamba ambao ulidumu baada ya lori kwenda zake. Karani alinyanyua kidole mpaka mlio uishe, kisha akasogeza kete. Nilipitisha miaka miwili na nusu katika alasiri hizo, na sasa nikiwa Nairobi, nikisikia glasi zinagongana jikoni, huwa nasimama kidogo.

Mchezo aliucheza wa namna moja tu. Kwa wasiojua sataranji: kila upande una kete kumi na sita, na nane kati yake ni ndogo, zinasimama mstari wa mbele. Watu wa kambini tulizoea kuziita askari. Karani hakulipenda jina hilo. Alikuwa amejifunza jina la pwani kutoka kwa Mmombasa mmoja wa reli, na alisema kitunda, vitunda, kwa heshima kabisa. Alipokuwa na kete nyeupe alianza daima na kitunda kilicho mbele ya malkia, hatua mbili. Mwenzake akijibu vivyo hivyo, vitunda viwili vikatazamana uso kwa uso katikati ya ubao, Karani alichukua kitunda cha jirani, kilicho mbele ya askofu wa upande wa malkia, akakisogeza nacho hatua mbili, akakiacha pale. Hakuna kilichokilinda. Mwenzake angeweza kukila mara moja, bure.

"Natoa zawadi," alisema, kisha akaegemea ukuta.

Mpinzani wake wa kila siku alikuwa fundi viatu Mkongomani aliyeshona barazani kwetu, mtu wa Bukavu, mcheshi, mikono myeusi kwa kiwi. Huyo alikula zawadi kila mara. Alisema kwao chakula kikiwa mezani mtu hafungi mdomo. Alikula, akacheka, akashona kisigino huku akisubiri zamu yake, na kabla ya kisigino kuisha mambo yalikuwa yamemharibikia. Nilidhani ni uzembe wake. Nilijiambia mimi nitakula zawadi na nitaishika.

Kwa hiyo Karani akanifundisha. Tulianza kwa sababu hapakuwa na wateja, na kwa sababu, nikiri, nilichoka kukaa nyuma ya kaunta yangu mwenyewe nikijisikia mgeni wake. Alinipa kete nyeusi. Akasogeza kitunda cha malkia, nikasogeza changu. Akatoa zawadi, nikaila. Akasogeza kitunda cha mfalme hatua moja tu, na hapo askofu wake akawa ameona njia moja kwa moja hadi kwenye kitunda changu kilichokula. Basi nikakikinga. Nikaleta kitunda cha pembeni kukilinda. Akasogeza kitunda chake cha ukingoni kukipiga kile kilicholinda. Nikaleta kingine kulinda mlinzi. Akala, nikala. Kisha malkia wake akatoka hatua mbili za mshazari, akasimama, na nikaona kwamba kutoka pale alipo hadi ngome yangu ya kona, njia nzima ilikuwa tupu. Vitunda vilivyokuwa vinaiziba ndivyo nilivyovipeleka kulinda kile kimoja. Ningeweza kuokoa ngome kwa kumtoa farasi au askofu, lakini kimoja kilikuwa lazima kiende.

Nikadai turudie. Tukarudia wiki ile, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Nilijaribu kukilinda kwa njia nyingine, kwa haraka zaidi, kwa ujanja zaidi. Mimi ni mbishi, mama yangu alinipa jina la kambini ambalo maana yake ni jiwe la kusagia. Kila mara nilipoteza, na kila mara Karani alirudisha kete mahali pake bila kusema neno, jambo lililoniudhi kuliko kama angecheka.

"Nyabo," aliniambia siku moja, maana hivyo ndivyo Waganda wanavyomwita mama kwa heshima, "wewe nakula hii kitunda, nafikili ni yako. Si yako. Ni ya kukushughulisha."

Nikamwuliza basi mtu afanye nini, aikatae? Akasema wengine wanakataa, na ni vizuri, wanakaa kimya na kulinda katikati. Yeye mwenyewe akiwa na kete nyeusi alikataa daima. Lakini ukishaila, alisema, usiilinde. Iache pale. Wakati mwenzako anapoteza hatua kuifuata, wewe toa farasi wako, toa askofu wako, mfalme wako mfiche nyumbani. Akiichukua, mpe. Utakuwa umepata nyumba.

Nisidanganye kwamba alikuwa mtakatifu. Mtu huyu aliyekataa kila zawadi kwenye ubao, hakukataa hata moja ya sukari. Sukari ilikuwa imepotea mjini, nami nilikuwa naipata kidogo kwenye duka la kambi. Nilimletea kwenye karatasi, na alipokea kwa mikono miwili, akageuka upande, na katika vioo kumi na viwili nikamwona anailamba kidoleni akiwa amefumba macho. Alichukia umbea, lakini alijua nani anatafutwa na nani amevuka mpaka kabla ya redio. Alikuwa mwaminifu hadi kero, hata akimrudishia mteja kifungo kilichodondoka, ila alikuwa ameficha chemni bora kabisa chini ya mbao za stoo na hakuniambia kwa mwaka mzima. Nilipozikuta nilimfokea. Akajibu kwamba alikuwa anamtunzia mwenyewe. Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Akasema, "Kale, nyabo," yaani sawa mama, kwa namna ya kumkubalia mtu asiyejua asemalo.

Jambo hilo liliniuma. Waswahili wana methali kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na mbele ya Karani nilijiona ninatembea na nguo hiyo kila siku. Hakunidharau. Alinifundisha kazi yote, jinsi ya kukata kioo kwa kisu cha almasi, jinsi ya kukibeba barabarani kwa ubavu ili upepo usikishike. Lakini alikuwa karani wa duka, na mimi nilikuwa mmoja wa watu wanaopita dukani.

Meja mmoja wa jeshi alianza kuja mwaka wa tatu. Mtu mkubwa, mrefu, manukato, fimbo ndogo kwapani. Mara ya kwanza aliingia, akajitazama kwenye vioo kimoja baada ya kingine bila haraka, akatoka. Mara ya pili aliuliza.

"Duka hii ya nani?"

"Ya Sajini, afande," Karani akajibu bila kuinua macho.

"Sajini," Meja akasema, akacheka kidogo, akaondoka.

Aliyekuwa Kampala miaka ile hahitaji kuelezwa. Kwa asiyekuwapo nitasema wazi. Mwenye cheo akiuliza duka ni la nani, haulizi. Mwenye duka alikuwa na siku chache za kufikiri. Wale walioshindana walitiwa kwenye buti la gari mchana kweupe, na wake zao walitembea kutoka kambi hadi kambi na picha mkononi, wakiambiwa hatumjui. Nilikuwa nimekwisha kukaa na wanawake wawili wa namna hiyo kwenye mkeka, nikishika mikono yao.

Mume wangu alisema haliachii. Alianza kulala na bastola chini ya mto, pale kwenye fleti yetu ya Bukoto, watoto watatu chumba cha pili. Alisema amelipata kwa mkono wa mkubwa, halali yake, na akiliachia leo atakuwa mwanamke mbele ya kikosi kizima. Nilimsikiliza nikajisikia mimi mwenyewe, nikileta kitunda kulinda kitunda. Mume wangu si mtu mbaya. Ni mtu aliyepewa kitu mara moja tu maishani. Niliogopa, na nilipokuwa nikimpigia shati pasi asubuhi nilijikuta nikilishika sana kuliko inavyohitajika.

Siku ya mvua niliomba tucheze. Karani akatoa zawadi yake, nikaila. Akasogeza kitunda cha mfalme. Mkono wangu ukaenda pembeni kwa mazoea, kukilinda, kisha ukasimama. Nikatoa farasi. Askofu wake akala kitunda changu, nami sikufanya kitu. Nikasogeza kitunda kimoja kumfungulia askofu wangu njia. Akatoa farasi, nikatoa wa pili. Nikamficha mfalme nyuma ya ngome. Tukaendelea hivyo na mvua ikiendelea, na baada ya muda nikatazama ubao nikaona kwamba kila kete yangu imesimama mahali inapopumua. Nilikuwa sina kitunda cha zaidi, na sikuwa na hofu. Sijui kama naweza kueleza jinsi nilivyojisikia. Duka zima lilikuwa kijivu na kimya, vioo vyote vina ubao mmoja, na katika kila kimoja kete nyeusi zilikuwa nyumbani.

Karani alitazama muda mrefu. Kisha akatoa mkono kuomba sare. Hakuwahi kuomba sare kwangu.

"Sasa unajua," akasema. "Lakini kwa kete za mbao ni rahisi."

Sikumwambia mume wangu. Katika watu wetu, sisi Wanubi wa kambini, mwanaume hawezi kumkabidhi mwanaume mwenzake kitu kwa hofu bila mmoja wao kuaibika. Lakini mwanamke akijifungua, wenzake humwendea na sinia lililofunikwa kwa kawa la ukindu, na kilichomo chini ya kawa hakuna mwanaume anayekiuliza. Mke wa Meja alikuwa amejifungua wiki ile. Nilitengeneza tende na kashata, nikaweka kanga mpya, na juu ya kanga nikaweka ufunguo wa duka. Nikafunika. Nikaenda nyumbani kwake pamoja na wanawake wengine wa kambi, nikaimba nao, nikambeba mtoto. Mke wa Meja alipofunua alitazama ufunguo, akanitazama, akafunika tena. Alinishika mkono chini ya kanga akaubana.

Alipojua, mume wangu hakusema nami siku nne. Siku ya tano Meja alimkuta kwenye karakana ya magari, akampiga bega mbele ya watu wote, akamwita ndugu yangu, akampa ruhusa ya mwezi mzima. Aibu ikawa heshima, na hasira ikakosa pa kukaa. Mtu asiye na duka hatafutwi na mtu. Tulitumia ruhusa ile kwenda kumsalimia shangazi yake Kibera, sisi na watoto na mabegi mawili, na hatukurudi. Ndivyo tulivyotoka Uganda, kwa basi, mchana, na askari wa mpakani akitutakia safari njema.

Siku ya kuaga nilipita dukani kwa mlango wa nyuma. Nilimletea Karani fungu la sukari. Alikuwa anafuta kioo, kutoka ukingoni kuingia ndani, na niliona uso wangu unajitokeza polepole chini ya mkono wake. Nilimwambia asante. Akasema niende salama, na hakugeuka, bali aliniinamishia kichwa ndani ya kioo.

Miaka ikapita. Vita vikaja, wale wakubwa wakakimbia, wengine wakaja mahali pao. Huko Kibera nilifungua kibanda cha kuuza taa za mafuta, nikawalea wanangu, nikamwona mume wangu anaota mvi na kuwa mpole kwa namna ambayo nisingeitarajia. Kila nilipomtazama akinywa chai mlangoni nilimkumbuka mzee yule. Nilijiapiza kwamba nikipata nafasi nitakwenda kumpigia magoti.

Nikaipata. Kampala ilikuwa imetobolewa na risasi. Duka lilikuwa tundu, hakuna mlango, hakuna kioo, na mwanamke alikuwa akiuza mihogo ndani yake. Akanielekeza Kyebando. Nilimkuta Karani mbele ya nyumba ndogo ya matofali, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo. Suti haikuwapo tena. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ukungu na alizichambua mbegu kwa vidole. Alinijua kwa sauti. Nikapiga magoti, kama wanawake wa Kiganda wanavyofanya, nikamwambia mume wangu yuko hai, watoto wangu wana baba, na yote hayo ni kwa ajili yake. Nililia. Yeye aliendelea kuchambua.

"Nyabo, usinishukulu," akasema. "Wewe hujui."

Akaniambia. Siku chache baada ya sisi kuvuka, mkubwa mwingine alikuja dukani, mtu wa miwani myeusi, kutoka zile ofisi ambazo hata mameja waliziogopa. Aliuliza duka ni la nani. Meja akajibu ni langu na litabaki langu. Wakaja watatu, saa nne asubuhi, wakamchukua barazani. Fundi viatu alikuwa anashona, hakuinua kichwa. Meja hakuonekana tena.

Nikasema maskini, Mungu amrehemu. Nikasema bahati yetu.

"Haikuwa bahati. Ule wa miwani alikuwa amepita mara mbili kabla ya Meja kuja. Anasimama nje tu, natazama. Mimi nilimjua. Nikajua hii duka lazima itakula mtu." Vidole vyake vikasimama juu ya maharage. "Si Meja mwenyewe aliyeona duka yako. Mimi nilimwendea. Nikamwambia kuna duka nzuri, mwenyewe ni sajini tu."

Nilikaa chini kwenye udongo. Nilimwuliza kama alijua Meja hataachia.

"Nilijua. Huyo hakuwahi kuludisha kitu cha mtu. Ndiyo sababu nikamchagua."

Nikamwuliza kwa nini sisi. Meja alikuwa na mke, na mtoto mchanga niliyempakata kwa mikono yangu. Tulikuwa na nini sisi cha kuwazidi? Niliuliza kwa ukali, nakumbuka, kana kwamba amenidhulumu. Alisogeza maharage machache ukingoni mwa ungo, na mtu angedhani anatafuta hesabu kubwa.

"Nilikuwa nimekuzoea," akasema. "Ni hiyo tu."

Hakuomba nimsamehe, nami nisingejua nimsamehe kwa mamlaka gani. Aliniambia ameacha kucheza, ubao alimpa fundi viatu aliporudi kwao. Kisha akasema mjane wa Meja anakaa Bukoto, kwenye fleti zile zile zetu, ngazi ya pili. Yeye hajawahi kwenda. Kila Jumapili baada ya kanisa huanza njia ya Bukoto na kurudi kabla ya kufika. Akasema mimi ninaweza. Nilimbusu mkono, maana sikuwa na jambo lingine la kufanya na mkono ule, nikaondoka.

Kutoka Kyebando hadi Bukoto si mbali. Njiani nilipanga maneno. Nilikusudia kusema kila kitu, kwamba nilimpa ufunguo chini ya kanga kama zawadi nikidhani ninatoa duka tu, kwamba sikujua, kwamba kuna mzee Kyebando aliyejua. Nilipobisha, alifungua mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alinitazama kidogo, kisha akanishika mikono yote miwili.

Alinivuta ndani, akanikalisha mahali pazuri, akawaita watoto waje wamwone mama aliyewaletea duka, mama mwema, siku ile mdogo wao alipozaliwa. Watoto wanne wakanipa mikono kwa adabu, mmoja mmoja. Akachemsha chai, akaniambia nimenenepa, Nairobi imenipenda. Maneno yangu yote yalikuwa yamekaa mdomoni, tayari. Kisha, kama sisi watu wa kambini tunavyosalimiana, akaanza kuniulizia watu wangu kwa zamu, mama yangu, dada zangu, binti yangu mkubwa, wale wawili wanaofuata, na mwanaume wa nyumba akamweka mwisho, mahali pake pa heshima.

"Na mzee wako?" akauliza. "Yuko?"

Nikamwambia yuko.